Pengo Kwenye Pensi

Riziki, mwanangu,

Tangu asubuhi nasikia mama yako akikupa maagizo: maji uchemshe, chandarua usikisahau, tantine yako, huyo utakayekaa kwake Kigoma, usimjibu vibaya hata kama amekosea, Jumapili uende kanisani hata kama huna nguo mpya. Amesema yote na ameyarudia mara tatu, kwa hiyo upande huo mimi sina cha kuongeza. Nimekaa kwenye meza ya kazi, mlango nimeurudisha. Nyinyi nawasikia uani, unasukwa nywele na mnacheka. Boti inaondoka kesho asubuhi, basi nina mchana huu tu.

Utashangaa kuona Papa ameandika. Mimi na wewe tumezoea kusemezana kwa vidole: nipe ile, shika hapa, elekeza taa huku. Utaona pia ninatumia Kiswahili cha shule, si hiki chetu cha hapa Baraka. Nimefanya makusudi. Hiki chetu kinanitia utani, na nikianza utani sitafika mwisho. Kuna jambo nimekuficha miaka sita, na kesho unakwenda mahali ambapo linaweza kukutana nawe njiani. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Nianze na pensi, maana hapo ndipo ninapojua kusema.

Ile pensi yangu, koleo langu la kukatia nyaya, unajua ninavyoilinda. Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu uliichukua ukakatia msumari wa banda la kuku, nikakupiga kofi. Ni kofi pekee nililokupiga tangu uzaliwe. Mama yako alitoka jikoni na mwiko mkononi: "We Papa Riziki, unapiga mutoto juu ya chuma?" Ulilia siku nzima, na mimi nilikaa hapahapa nikiangalia pensi kama imepona. Ilikuwa imepona. Sikuja kukuomba radhi, nakuomba leo.

Najua pia kwamba unaitegemea. Juzi nilikusikia ukimwambia mama yako, "Papa atanipa tu pensi yake, ye iko anajifanya mugumu." Hapana, mama. Hiyo sitakupa. Nimekununulia nyingine, iko chini ya barua hii, ndani ya kitambaa cha bluu. Usinune kabla hujamaliza kusoma.

Niliichagua kwa yule mama anayetandika vyuma kwenye gunia, karibu na wauza mawese. Alikuwa nazo kumi na mbili, zote zimepakwa mafuta, mikono yao ya plastiki nyekundu inang'aa. Plastiki usiiangalie kamwe, hiyo ni nguo tu. Nilichukua moja, nikaifunga, nikaiinua mbele ya jua. Ukiona mwanga unapita katikati ya meno, irudishe. Niliona mwanga. Nikachukua ya pili, ya tatu. Mama yule akasema, "Papa, zote ni moja, zimetoka kartoni moja." Nikamwambia watoto wa tumbo moja hawana tabia moja. Ya sita haikupitisha mwanga, lakini kiungo chake kilicheza kushoto na kulia, na kiungo kinachocheza leo, kesho meno yatapishana. Nikaomba ya saba. Akanitazama sana: "We unanunua pensi ao unaoa?" Nikamwambia mke nilimchagua haraka zaidi. Watu wa mawese wote walicheka. Mama yako usimwambie.

Ya tisa ndiyo yako. Niliijaribu kwa karatasi ya sigara. Niliikata kwa ncha tu, kisha katikati, kisha ndani karibu na kiungo, na pote karatasi ilikatika bila kutafunwa. Halafu nilichomoa uzi mmoja wa waya, ule mwembamba kama nywele, nikaukata hewani bila kuushika upande wa pili. Pensi mbaya huukunja ule uzi. Hii iliukata. Ikiwa mkononi mwako itakuwa nzito kidogo mwezi wa kwanza. Mkono utazoea.

Kuitunza unajua, lakini kuna kosa moja langu hulijui. Nilipokuwa ninaanza kazi niliipaka pensi yangu ya kwanza mawese. Nilijiambia, mafuta ni mafuta, na kwetu Fizi mawese yanaponya kila kitu. Baada ya wiki mbili haikufunguka. Mawese yaliganda ndani ya kiungo, yakashika vumbi, yakaanza kunuka. Bibi yako alikuwa akisema fundi wetu ananukia chungu cha sombe. Niliichemsha kwenye maji ya majivu ndipo ikakubali. Kwa hiyo tone moja la mafuta ya moteri, kwenye kiungo, kisha futa. Jioni ifute tena, maana hewa ya ziwa inakula chuma hata kikiwa kimelala, na Kigoma ni ziwa hilihili. Unapokata, elekeza ncha inayoanguka chini, ukiielekeza usoni kwako itakuja kwenye jicho. Waya wenye umeme usiukate hata wakikuambia umezimwa. Hakikisha mwenyewe.

Na chuma kigumu usikate. Shaba, ndiyo. Aluminiamu, ndiyo. Breki ya baiskeli, waya wa chemchemi, waya wa kufungia mlingoti, hapana. Nimekuambia hivyo mara mia. Sikukuambia nilijifunzia wapi.

Papa mudogo Obedi unamkumbuka. Mrefu, mkono wa kushoto, sauti ndogo. Ndiye aliyekutengenezea ile taa ya betri moja ukawa unasomea, ukalala nayo hadi ikapasuka. Alishuka kutoka milimani, kwa wale wanaosema Kinyarwanda na kuchunga ng'ombe, akiwa hajui hata betri ina pande mbili. Baba yake hakupenda. Alitaka mtoto wa kukaa na ng'ombe, akapata mtoto wa kufungua redio. Mimi Mubembe, yeye mtu wa kule juu, na tulikaa meza moja miaka saba. Wengine walinong'ona. Mama yako alikuwa anasema, "Baache baseme, mutu anakula bugali yangu, yeye iko mutoto yangu." Naye akirudi kutoka kwao alituletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na wewe ulikuwa unajificha nayo nyuma ya nyumba.

Siku moja mfanyabiashara aliyetoka Bujumbura alituletea pensi mbili. Sura moja, rangi moja, uzito mmoja. Tulizijaribu pamoja, tukagawana. Mtu mwingine asingeweza kuzitofautisha. Sisi wenyewe tuliweza. Yake, kwa kuwa aliifungua kwa mkono wa kushoto, kiungo kilikuwa laini zaidi. Yangu ilikuwa ngumu kidogo mwishoni, unapoifunga. Alipoichukua yoyote mezani aliifungua na kuifunga mara mbili, tap tap, ndipo akajua kama ni yake. Kila siku, miaka yote, tap tap. Nilikuwa ninachoka kumsikia.

Halafu vikaja vile vita vya kwanza. Kabla bunduki hazijafika kwetu, maneno yalifika. Watu wa milimani walianza kuitwa majina sokoni, mbele za watu, na askari waliokuwa wakishika mji wakati ule walianza kuuliza nani ni nani. Barabara ya Uvira ikafungwa. Obedi nilimwambia apande kwao. Akaniambia, "Kaka, nikitoka, batasema nilikuwa na sababu ya kukimbia." Akabaki.

Wakati huohuo moteri ya kinu cha kusagia mihogo iliungua. Ilihitaji waya wa shaba, na waya ulikuwa hauji tena kutoka mahali popote. Mwenye kinu aliniahidi gunia la unga. Nataka nikuambie kwamba niliwafikiria akina mama waliokuwa wanatwanga mihogo kwa mikono. Niliwafikiria kidogo. Nilifikiria gunia zaidi.

Pale karibu na ziwa palikuwa na nyumba ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na redio ya kuitana, ile tunayoita foni. Alikuwa amekimbilia ng'ambo na familia yake. Antena yake ilikuwa waya mrefu wa shaba, umetoka kwenye kona ya nyumba hadi juu ya mchikichi. Mimi nilijua foni ile imekufa, maana mwenyewe hayupo. Jumapili, watu wakiwa kanisani, na Obedi akiwa kanisani, nilikwenda nikakata mwisho wa upande wa nyumba. Shaba safi, ulikatika vizuri. Nikapanda mchikichi. Kule juu waya ulikuwa umefungwa na kushikiliwa kwa waya wa chuma, ule mgumu. Msumeno nilikuwa nimeuacha chini. Kushuka ni dakika mbili na kupanda ni dakika tatu. Nikasema, ah, mara moja tu.

Niliusikia. Pensi ikiumia husema tik, sauti ndogo, na mkono unaipata kabla ya sikio. Nikamalizia kukata shaba, nikashuka, nikaangalia. Katikati ya meno palikuwa na pengo, dogo, la kuingiza ncha ya sindano. Tangu hapo kila waya ilioukata ulibaki na kijino kwenye ncha, kipande kidogo cha shaba ambacho hakikukatika. Kazi ya fundi mchafu.

Sasa sikiliza, maana jambo lenyewe ni hili. Jioni ile Obedi alikuja kula kwetu, mfuko wake akauacha hapa kwenye meza. Nilifungua mfuko, nikatoa pensi yake, nikaweka ile yangu yenye pengo. Nikafunga. Nikaenda kula naye. Mkono wangu na wake katika sahani moja, Riziki.

Sikuwa na maana nyingine. Nilitaka makali tu. Nilijiambia ataona pengo baada ya siku mbili, atafikiri ni yeye aliyekosea, atasikitika, basi. Wizi wa kitoto. Kama mambo yangeishia hapo, leo tungekuwa tunacheka.

Ila foni haikuwa imekufa. Askari walikuwa wamevunja mlango wa nyumba ile siku mbili kabla, wakaichukua foni kuwa yao, ila Jumapili ile hawakuwa pale. Jumatatu waliita, hakuna aliyejibu, wakatoka nje wakaangalia juu. Kati yao alikuwepo sajini mmoja aliyewahi kufanya kazi ya umeme. Ingekuwa mwingine angepiga risasi hewani na kuondoka. Huyu alipandisha mtu kwenye mchikichi, akashushiwa kipande cha waya kilichobaki, akakigeuzageuza, akaona kijino. Akapita kwa mafundi wote wa Baraka, fundi wa baiskeli, fundi wa moteri, akichukua pensi na kukata waya nayo na kulinganisha.

Kwetu alifika kama saa tano. Wewe ulikuwa shuleni. Aliweka waya mezani, akachukua pensi mfukoni mwangu, akakata. Laini. Akachukua iliyokuwa kwenye mfuko wa Obedi, akakata. Akaweka ncha mbili pamoja, akaziangalia muda mrefu.

"Hii pensi ni ya nani?"

Mimi nilikuwa na ulimi kinywani na haukutembea. Obedi akanyoosha mkono, akaomba kuiona. Sajini akampa. Akaifungua na kuifunga mara mbili, tap tap. Nilimwona akijua. Iligoma kidogo mwishoni, kama yangu inavyogoma. Akaangalia ile nyingine mezani, akainua macho, akaniangalia mimi. Hakuniangalia sana. Nimewahi kuangaliwa vibaya zaidi na mtu niliyemkanyaga mguu sokoni.

Akamwambia sajini, "Iko yangu, chef."

Walimchukua, na mfuko wake, na ile pensi yenye pengo. Mlangoni aligeuka, akasema, "Mama Riziki asiniwekee chakula." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake.

Kwa nini alisema vile sijui. Nimelala na swali hilo miaka sita. Pengine aliona kwamba yeye wangemchukua tu, kwa pensi au bila pensi, kwa ajili ya mahali alipotoka, basi kwa nini wachukue wawili. Pengine alikufikiria wewe. Pengine alikuwa na hasira hata hakutaka kunitaja kwa jina. Neno moja langu lingetosha. "Hapana, ni yangu, nilibadilisha." Maneno manne. Nimeyasema baadaye mara nyingi, nikiwa peke yangu, na yanatoka bila shida.

Ulipotoka shule uliuliza, "Papa mudogo iko wapi?" Nikakuambia amerudi kwao milimani, ng'ombe wanaumwa. Ukanuna kwamba hakukuaga. Ulimnunia miaka mingi, nilikuona, na nilikuacha umnunie. Mama yako naye anajua kwamba askari walimchukua, lakini ya pensi hajui. Usiku wa leo nitamwambia. Ninamwogopa kuliko sajini.

Wiki chache baadaye wale askari walikimbia, wakaja wengine, wakakimbia, wakaja wengine. Nilikwenda kuuliza hadi Fizi, hadi Kilembwe kwa mjomba wako. Wengine walisema waliochukuliwa siku zile waliuawa njiani. Wengine walisema baadhi walitoroka askari walipokimbia. Baada ya mauaji ya Makobola, watu waliacha kabisa kuulizana nani alikwenda wapi. Na mimi niliacha, nikifurahi kuwa na sababu. Gunia la unga nilipewa, kweli. Mlikula. Mimi nilisema tumbo linaniuma, na safari hii sikudanganya.

Pensi unayoijua, ile uliyopigiwa kofi, ni ya Obedi. Makali ninayojivunia mbele ya wateja ni yake. Nimeitunza vizuri kuliko kitu chochote nilicho nacho, na kila nikiitunza najiona kama mtu anayefagia nyumba aliyoiiba. Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nilikuwa nadhani wanasema juu ya meno.

Sasa nije kwenye redio.

Wiki tatu zilizopita Mama Furaha, yule muuza samaki wa Kazimia, aliniletea redio yake. Ulikuwa umekwenda kisimani. Ilikuwa imemwagikiwa maji ya samaki na betri zimeshika kutu, kazi ndogo. Nilipoifungua nikaona mtu ameshaitengeneza kabla yangu. Waya wa spika ulikuwa umeungwa upya, nyaya mbili zimesokotwa pamoja na kufunikwa na risasi, nasema ile ya kuungia, si ile nyingine. Karibu na spika ncha moja ilikuwa imebaki nje. Na kwenye ncha palikuwa na kijino.

Niliiweka chini. Nikafuta miwani. Nikakata waya mwingine kwa pensi ya Obedi ili nione shaba iliyokatwa vizuri ikoje, kana kwamba nilikuwa nimesahau. Kijino kilikuwa palepale, upande uleule.

Mama Furaha aliporudi nikamuuliza, nani alitengeneza redio hii? "Ah, fundi moja wa Kigoma, pale sokoni. Mi simujue. Niliachia jirani, nikapita kuichukua. Ameharibu?" Nikamwambia hapana, ametengeneza vizuri sana. Nikamwambia redio bado haijakauka, aniachie. Imekuwa haijakauka wiki tatu. Mwanamke yule ana subira.

Unaelewa, mwanangu. Ile pensi ipo ng'ambo. Lakini mkono unaoishika ni wa nani? Askari angeweza kuiuza. Mtu angeweza kuiokota kando ya mwili. Na fundi gani mwenye akili anatunza pensi yenye pengo miaka sita? Mtu angeitupa. Aitunzaye ana umaskini wake au ana sababu yake.

Kuna njia ya kujua, na niliijua siku ileile. Obedi ni wa mkono wa kushoto. Sisi wote tunasokota nyaya kuelekea kulia. Yeye alisokota kushoto, na nilimgombeza mwaka mzima kabla sijaelewa kwamba hawezi vingine. Ukiyeyusha ile risasi ukaona msokoto, utajua. Kupasha chuma moto ni dakika kumi. Wiki tatu sikupasha. Ukiwa umeelekea kulia, basi amekufa na nimemuua. Ukiwa umeelekea kushoto, yuko hai na anajua. Nimekaa katikati ya hayo mawili, na pale katikati ndipo nimeishi hii miaka yote.

Kisha wewe ukasema tantine amekupatia nafasi kwenye ile karakana ya moteri Kigoma. Mama yako alifurahi, na mimi nikafurahi, maana juzi tena tumelala porini bunduki zikilia upande wa Fizi, na msichana mwenye kazi mikononi hana la kungojea hapa. Lakini nilifurahi pia kwa ujanja. Nilisema, sasa nimepata wa kumtuma.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuchota maji, nilifungua mfuko wako wa safari. Nilikuwa nimeifunga pensi ya Obedi kwenye kipande cha kitenge. Mpango wangu ulikuwa niandike barua fupi: mtafute fundi fulani sokoni, mpe hii, usiseme kitu. Nikaingiza mkono kati ya nguo zako, nikaisukuma chini, mahali ambapo usingeiona hadi ufike.

Mkono ukasimama. Nimewahi kufanya hivi. Kitu changu kibovu, mfuko wa mtu mwingine, mwenyewe hayupo. Nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba chenu, na dada yako mdogo akaingia akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia ndiyo.

Nikaitoa. Ipo hapa mezani.

Nilipofika kwenye mstari huo niliweka kalamu, nikaomba makaa kwa mama yako. Akauliza, "Una kazi gani leo, na mutoto anasafiri?" Nikamwambia redio ya Mama Furaha nayo inarudi kwa mwenyewe kesho. Niliweka chuma kwenye makaa ya mbabula, nikapepea mwenyewe. Nilitamani uje unipepee kama kawaida. Nikasikia unacheka kule nje, nikaacha.

Risasi iliyeyuka upesi. Niliipuliza, ikadondoka kwenye meza. Nyaya zikabaki wazi, mbili, zimekumbatiana mara tatu.

Zimesokotwa kushoto.

Nimeangalia kwa miwani na bila miwani. Nimegeuza redio, maana ukiishika kichwa chini unaweza kujidanganya, lakini msokoto haubadiliki hata ukiugeuza. Kushoto. Yuko hai, Riziki. Amekaa Kigoma sokoni, na kila siku anakata waya kwa pensi yangu, na kila waya unatoka na kijino, na anajua cha nani. Nimelia hapa, nikasema ni moshi. Furaha ninayo, Mungu anajua. Lakini kumbe nilikuwa sijaogopa bado. Mpaka leo nilikuwa ninaogopa mtu aliyekufa, na yule hasemi kitu.

Nitaunga waya wa Mama Furaha tena, kama alivyousokota yeye. Sitaugusa msokoto.

Sasa wewe. Chukua pensi yako mpya. Siku moja itapata pengo, maana hakuna fundi asiyewahi kukosea. Ikipata, iweke mezani watu waione. Aibu yake ni ya siku moja. Sina zaidi ya hilo, na hilo nimelinunua ghali.

Ukimaliza kusoma usije kunifariji, na usimsomee mama yako, nitamwambia kwa kinywa changu. Njoo tu mlangoni, useme, "Papa, mwenye boti bado iko pale," basi nitajua umesoma, na tutakwenda wote kumwambia aongeze mtu mmoja. Nitarudi na boti ya pili. Mtu akiuliza, sema ninakusindikiza, si uongo.

Kigoma utakaa kwa tantine yako unywe chai. Sokoni nitakwenda mwenyewe. Nitaweka pensi yake mbele yake. Atashika kwa mkono wa kushoto, ataifungua na kuifunga mara mbili, nami nitamwacha amalize. Halafu nitanyoosha mkono niichukue ile yenye pengo, na nitasema mbele ya watu wote walio pale maneno ambayo yeye alinisemea: Iko yangu.

Papa yako